1935: Mwaka Uliochora Mpaka wa Haki za Mfanyakazi Marekani

Katika kiangazi cha mwaka 1935 Marekani ilipata sheria mbili ambazo zimeyagusa maisha ya watu wake kuliko vita vingi ilivyopigana. Tarehe 5 Julai Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini sheria iliyompa mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujadiliana na mwajiri wake. Siku 40 baadaye, tarehe 14 Agosti, akatia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii, iliyomwahidi mfanyakazi malipo ya uzeeni na msaada wa muda pindi anapokosa kazi. Sheria zote mbili zilimtetea mfanyakazi, na zote mbili zikatamka ni nani asiyehesabiwa: kibarua wa shambani na mtumishi wa nyumbani. Mambo mengi ya mwaka ule, tangu tufani za vumbi hadi ghasia za Harlem, yanaeleweka vizuri zaidi mtu akiufuata mpaka huo na kutazama ulikotoka. Nao haukuzaliwa mwaka 1935.

Mwaka 1862, taifa likiwa vitani lenyewe kwa lenyewe, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyompa kila mwenye nia ya kulima ekari 160 za ardhi ya umma upande wa magharibi, kwa sharti la kuishi hapo na kuilima kwa miaka mitano. Ardhi yenyewe ilikuwa imenyang'anywa, au ilikuwa mbioni kunyang'anywa, mataifa ya wenyeji wa asili. Januari 1865 Jenerali William T. Sherman alitenga ukanda wa pwani ya South Carolina, Georgia na Florida ugawiwe familia zilizotoka utumwani, kila moja ipate kipande kisichozidi ekari 40. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliamuru wamiliki wa zamani warudishiwe ardhi yao. Maamuzi hayo yalizaa mambo yaliyodumu miaka 70. Mzungu fukara aliyekwenda magharibi aliweza kuwa mkulima mwenye hati. Mmarekani Mweusi wa Kusini akabaki kulima shamba la mwingine kwa mgao. Bwana shamba alitoa ardhi, mbegu na nyumbu. Mkulima akatoa jasho lake na la watoto wake. Pamba ilipouzwa, bwana shamba ndiye aliyeshika daftari la hesabu, na deni la dukani likahamia mwaka uliofuata. Wake na binti za wakulima hao waliingia majikoni na kwenye kazi ya udobi ya familia za wazungu.

Serikali ya shirikisho haikuwa ngeni katika kulipa pensheni. Baada ya vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe iliwalipa askari wa upande wa Muungano, wajane wao na yatima wao, hata kufikia mwaka 1893 pensheni hizo zilikula takriban asilimia 40 ya matumizi yake yote. Wakati huohuo, mjini Nashville, Tennessee, mwanamke aliyeitwa Callie House, mzaliwa wa utumwani aliyeishi kwa kufua nguo za watu, alisaidia kuanzisha chama cha waliokuwa watumwa ili kudai nao walipwe pensheni kwa kazi ya miaka yote waliyoifanya bila ujira. Wanachama walichanga senti zao, wakapeleka maombi bungeni, wakazikana na kuuguzana. Serikali ilimjibu kwa mashtaka ya kutumia posta kufanya ulaghai. Mwaka 1917 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Simjui mtu mwingine ambaye maisha yake yanaonyesha kwa uwazi zaidi kwamba suala la nani anastahili kutunzwa uzeeni liliulizwa Marekani muda mrefu kabla ya Roosevelt, na likajibiwa kwa jela.

Karne ya 20 ilipoingia, Ujerumani ilikuwa imeshaweka bima ya uzee tangu 1889, na Uingereza ilifuata kwa pensheni ya wazee mwaka 1908. Marekani, iliyokuwa ikizipita zote mbili kwa utajiri wa viwanda, ilimwachia mzee asiye na watoto wa kumtunza mlango wa kanisa au nyumba ya maskini ya wilaya. Ajali ya kazini ilikuwa bahati mbaya ya mhusika. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York na kuua watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, kwa kuwa mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Miongoni mwa waliosimama barabarani wakiwaona wasichana hao wakiruka kutoka madirishani alikuwamo Frances Perkins, mtumishi wa masuala ya jamii aliyekuwa na umri wa miaka 30. Alitumia miaka 20 iliyofuata kuandika na kusimamia sheria za usalama viwandani katika jimbo la New York, na mwaka 1933 akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani. Alikwenda Washington na mpango wake kichwani: pensheni, bima ya kukosa kazi, kima cha chini cha mshahara.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilibadili nchi kwa njia mbili ambazo zingekutana mwaka 1935. Ulaya ilipokosa ngano, bei ilipanda, na serikali ikawahimiza wakulima kulima zaidi. Katika nyanda za kusini, kwenye Kansas, Oklahoma, Texas, Colorado na New Mexico, matrekta yalifyeka mbuga za nyasi ambazo mizizi yake ilikuwa imeushika udongo kwa maelfu ya miaka. Vita vilipokwisha bei ikaanguka, na mkulima akalima eneo kubwa zaidi ili apate fedha zilezile za kulipa benki. Njia ya pili ilikuwa ya watu. Viwanda vya Kaskazini vilipokosa wahamiaji wa Ulaya viliita vibarua kutoka Kusini, na kufikia 1930 zaidi ya Wamarekani Weusi milioni moja walikuwa wamehama kwa treni kwenda Chicago, Detroit na New York. Huko walipata mshahara wa fedha taslimu na haki ya kupiga kura. Walipata pia kodi za nyumba za kukamua, na maduka yaliyowauzia lakini hayakuwaajiri.

Soko la hisa la New York lilianguka katika siku za mwisho za Oktoba 1929. Kipimo kikuu cha bei za hisa, kilichokuwa kimefika 381 mwezi Septemba mwaka huo, kilishuka hadi 41 Julai 1932. Maelfu ya benki yalifungwa pamoja na akiba za watu. Kufikia 1933 karibu mtu mmoja kati ya wanne wenye uwezo wa kufanya kazi hakuwa na kazi. Wazee waliumia kwa namna yao: akiba ilipotea benki, nyumba ilichukuliwa kwa deni, na mtoto ambaye angewatunza alikuwa kwenye foleni ya supu. Mdororo huo Mkuu wa Uchumi uliwafundisha watu wa tabaka la kati jambo ambalo mafukara walilijua siku zote, kwamba uadilifu na bidii havimkingi mtu dhidi ya njaa. Somo hilo lilifungua mlango wa siasa uliokuwa umefungwa tangu enzi za Callie House.

Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, na serikali yake ikaanza kwa kuziokoa benki, kugawa msaada na kupandisha bei za mazao. Katika pamba, njia ya kupandisha bei ilikuwa kumlipa mwenye shamba ili alime eneo dogo zaidi. Malipo yalipita mikononi mwa bwana shamba, na mkulima wa mgao, ambaye shamba lake ndilo lililopunguzwa, mara nyingi alipata notisi ya kuhama. Julai 1934, karibu na mji mdogo wa Tyronza huko Arkansas, wakulima wa mgao weusi na weupe walikaa pamoja chini ya paa moja na kuunda chama kimoja, jambo lililokuwa la hatari ya kifo katika Kusini ya wakati ule. Mikutano yao ilivunjwa kwa fimbo na risasi. Ndani ya Wizara ya Kilimo, wanasheria vijana walijaribu kuufasiri mkataba wa pamba kwa namna ambayo ingemzuia bwana shamba kuwafukuza wapangaji wake. Februari 1935 wao ndio walioachishwa kazi, na kanuni waliyoipinga ikabaki. Hivyo ndivyo mwaka wenyewe ulivyoanza.

Tarehe 17 Januari 1935 Roosevelt alikuwa amepeleka bungeni mapendekezo ya hifadhi ya jamii, kazi ya kamati iliyoongozwa na Perkins. Shinikizo lilikuwa kubwa. Huko California, daktari mzee Francis Townsend alikuwa na mamilioni ya wafuasi waliodai kila raia aliyevuka miaka 60 apewe dola 200 kwa mwezi kwa sharti la kuzitumia zote ndani ya siku 30. Kutoka Louisiana, Seneta Huey Long aliitangaza redioni ahadi ya kuzikata mali za matajiri na kuihakikishia kila familia kipato. Hesabu za Townsend hazikuwezekana, na za Long hazikuwa bora, lakini barua zilizomiminika Washington kwa magunia ziliwatia wabunge hofu ambayo hoja za wataalamu zisingeweza kuwatia.

Mapendekezo ya kamati yalikuwa yamewajumuisha vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani katika bima ya uzee. Muswada ulipotoka kwenye kamati za Bunge, hawakuwamo. Waziri wa Fedha, Henry Morgenthau, alikuwa ameeleza kwamba kukusanya makato kutoka kwa kila mwenye shamba na kila mama mwenye kijakazi kungeilemea wizara yake. Wakati huohuo, kamati zenyewe zilikuwa mikononi mwa wanasiasa wa Kusini: Robert Doughton wa North Carolina katika Baraza la Wawakilishi, Pat Harrison wa Mississippi katika Seneti. Kwao, mzee mweusi anayepokea hundi kutoka Washington alikuwa mtu ambaye familia yake ingeweza kukataa ujira mdogo wa kuchuma pamba. Seneta Harry Byrd wa Virginia aliongoza juhudi za kuondoa sharti kwamba msaada wa wazee uliogawiwa na majimbo utoshe kuishi kwa heshima na afya, akiona kwamba lingeipa Washington uwezo wa kuiamulia Virginia mambo yake. Wanahistoria wanabishana hadi leo ni ipi kati ya sababu hizi iliyokuwa na uzito zaidi. Kwa maoni yangu, hoja ya urahisi wa ukusanyaji isingepita kirahisi vile kama waliotengwa wangekuwa na kura. Katika majimbo ya Kusini wengi wao hawakuwa nayo.

Mtu mmoja aliliona jambo hili mapema na kulisema hadharani. Februari 1935 Charles Hamilton Houston, mwanasheria aliyekuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard, alifika mbele ya kamati ya fedha ya Seneti kwa niaba ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi. Alieleza kwa takwimu za sensa ni kazi zipi Wamarekani Weusi walizozifanya, akaonyesha kwamba nyingi zimo katika makundi mawili yaliyotengwa, na akaufananisha muswada na chekecheke lenye matundu yanayotosha kuwapitisha Weusi walio wengi waanguke chini. Hesabu zilizofanywa baadaye zilimthibitisha: karibu theluthi mbili ya wafanyakazi weusi waliachwa nje ya bima ya uzee. Wazungu wengi zaidi kwa idadi nao waliachwa, vibarua wa matunda wa California na wakulima fukara wa milima ya Appalachia wakiwamo, ingawa kati ya wafanyakazi wote wazungu walikuwa sehemu ndogo zaidi. Seneta mmoja mmoja aliuliza maswali. Muswada ukaendelea na safari yake.

Wiki chache baadaye Harlem, mtaa wa Weusi mjini New York, ililipuka. Tarehe 19 Machi kijana wa miaka 16 wa asili ya Puerto Rico alikamatwa akiiba kisu kidogo katika duka la Mtaa wa 125. Aliachiwa kupitia mlango wa nyuma, lakini uvumi ukaenea kwamba amepigwa hadi kufa. Usiku ule watu watatu waliuawa na mamia ya maduka yakavunjwa madirisha. Meya Fiorello La Guardia aliunda tume, na utafiti wake ukaongozwa na msomi E. Franklin Frazier. Tume ilitaja ubaguzi katika ajira, ukatili wa polisi, nyumba mbovu na msaada wa serikali uliogawiwa kwa upendeleo. Meya hakuichapisha ripoti. Gazeti la Harlem, Amsterdam News, ndilo lililoitoa mwaka uliofuata. Hadi hapo ghasia za kimbari za Marekani zilikuwa kwa kawaida kundi la wazungu kuvamia mitaa ya Weusi. Harlem ya 1935 ilikuwa ya aina nyingine: hasira ililenga mali, maduka yaliyokataa kuajiri, na ndiyo sura ambayo miji ya Marekani ingeiona tena 1943 na katika miaka ya 1960.

Jumapili ya tarehe 14 Aprili ilianza kwa jua na anga safi katika nyanda za kusini, na watu wakatoka kwenda kanisani na kuanika nguo nje. Alasiri ukuta mweusi wa vumbi ulitokea upande wa kaskazini na kuyafunika Kansas, mkanda wa Oklahoma na Texas. Mchana ukawa giza, na mtu hakuweza kuuona mkono wake mwenyewe. Ukame ulikuwa umeanza miaka michache kabla, lakini ukame pekee ulikuwa umewahi kuzipiga nyanda hizo bila kuziangamiza. Safari hii nyasi hazikuwapo. Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo aliyekuwa amehubiri juu ya mmomonyoko tangu miaka ya 1920, alipata Bunge lililo tayari kumsikia, na tarehe 27 Aprili likapitisha sheria ya kuhifadhi udongo iliyounda idara chini yake. Wakulima walifundishwa kulima kwa kufuata kontua, kupanda miti ya kukinga upepo na kupumzisha mashamba. Kwa familia nyingi msaada huo ulichelewa. Kufikia 1940 watu wapatao milioni 2.5 walikuwa wameyahama majimbo ya nyanda hizo, na sehemu yao wakafika California kuchuma matunda na pamba. Yule aliyepewa ekari 160, au mjukuu wake, sasa alikuwa kibarua wa shambani, naye akaangukia upande uleule wa mpaka ambako mkulima mweusi wa mgao alikuwa ameachwa tangu 1865.

Kwa wasio na kazi mijini, hatua kubwa ya mwaka ilikuwa fedha zilizoidhinishwa tarehe 8 Aprili, zaidi ya dola bilioni 4.8, kiasi ambacho hakikuwahi kutengwa na nchi hiyo wakati wa amani. Kutokana nazo, Mei 1935 kulianzishwa mamlaka ya kazi za umma, WPA, chini ya Harry Hopkins. Hadi ilipofungwa 1943 iliwaajiri watu wapatao milioni 8.5 kujenga barabara, shule, madaraja na viwanja vya ndege, na iliwalipa pia waandishi, wachoraji na wanamuziki. Kutokana na mradi wake wa waandishi tunazo leo simulizi zaidi ya 2,300 za watu waliozaliwa utumwani, zilizokusanywa wahusika wakiwa vikongwe. Hazina ambayo isingekuwapo bila njaa ya waandishi hao. Hata hivyo mpaka ulipita humo pia. Mishahara ya Kusini iliwekwa chini ya ile ya Kaskazini, na msimu wa kuchuma pamba ulipofika, wasimamizi katika wilaya nyingi waliwafungia Weusi miradi ili warudi mashambani.

Mwezi wa Mei ulileta pigo kwa Roosevelt. Tarehe 27, katika kesi ya wauza kuku wa Brooklyn, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliibatilisha sheria ya kufufua viwanda ya 1933, na pamoja nayo kifungu kilichotaja haki ya wafanyakazi kuunda vyama. Seneta Robert Wagner wa New York alikuwa na muswada wake tayari, na Roosevelt, aliyeusitia hadi mwezi huo, akauunga mkono. Ndio uliokuja kuwa sheria ya tarehe 5 Julai. Ulimkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa kujiunga na chama, ukaunda bodi ya kusimamia kura za wafanyakazi, na ukawaondoa watu wa mashambani na wa majumbani kwa mstari mmoja. Athari kwa viwanda ilionekana kabla mwaka haujaisha. Oktoba, katika mkutano mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi huko Atlantic City, John L. Lewis wa wachimba makaa ya mawe aligombana na viongozi waliotaka vyama vya mafundi stadi pekee hadi akampiga ngumi mmoja wao. Tarehe 9 Novemba yeye na wenzake waliunda kamati ya vyama vya viwanda, CIO, iliyomwandikisha mfagiaji pamoja na fundi, mweusi pamoja na mweupe.

Mambo mengine ya mwaka huo yanastahili kutajwa japo kwa mkupuo. Tarehe 11 Mei ilianzishwa mamlaka ya umeme vijijini, wakati ambapo karibu shamba moja tu kati ya kumi lilikuwa na umeme. Tarehe 25 Mei, huko Ann Arbor, mwanariadha Jesse Owens alivunja rekodi tatu za dunia na kuifikia ya nne katika muda wa chini ya saa moja. Tarehe 2 Septemba kimbunga kilipiga visiwa vya Florida na kuua zaidi ya watu 400, wengi wao wakiwa askari wa zamani wa Vita vya Kwanza waliopelekwa huko kujenga barabara kama kazi ya msaada na kulazwa katika mahema na vibanda dhaifu. Treni ya kuwaokoa iliitwa kwa kuchelewa. Tarehe 8 Septemba Huey Long alipigwa risasi katika jengo la bunge la Louisiana, akafa siku mbili baadaye. Tarehe 30 Septemba Roosevelt alizindua bwawa kubwa kwenye mto Colorado, lenye kimo cha mita 221, lililojengwa na maelfu ya watu ambao Weusi miongoni mwao walikuwa wachache mno.

Mwaka huo pia uliwaunganisha Wamarekani Weusi na Afrika kwa namna mpya. Tarehe 25 Juni, mjini New York, bondia Joe Louis alimwangusha Mwitaliano Primo Carnera katika raundi ya sita, huku magazeti yakiandika kila siku juu ya majeshi ya mtawala wa Italia, Mussolini, yaliyokuwa yakijazana Eritrea na Somalia. Tarehe 3 Oktoba majeshi hayo yaliivamia Ethiopia. Makanisa ya Harlem na Chicago yalichangisha fedha na dawa. John Robinson, rubani kutoka Chicago, alikwenda Addis Ababa na kukiongoza kikosi kidogo cha ndege cha Haile Selassie. Serikali ya Marekani, kwa sheria ya kutoegemea upande wowote iliyosainiwa tarehe 31 Agosti, ilizuia silaha kuuzwa kwa pande zote mbili, hatua iliyomuumiza zaidi asiye na viwanda vya silaha. Mwezi Mei, katika Chuo Kikuu cha Howard, msomi Ralph Bunche alikuwa amesaidia kuandaa mkutano juu ya hali ya Weusi katika mgogoro wa uchumi. Miaka miwili baadaye Bunche alikuwa London akijifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta, na mwaka 1938 alifika Kenya kuona kwa macho yake ardhi, kipande na kazi ya shamba la mlowezi.

Mwezi Juni Houston na mwanafunzi wake wa zamani, Thurgood Marshall, walishinda mahakamani mjini Baltimore kesi iliyokilazimisha kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Maryland kumpokea mwombaji mweusi. Marshall mwenyewe alikuwa amesomea Howard kwa kuwa mlango wa chuo cha Maryland ulifungwa kwa watu wa rangi yake. Kutoka kesi hiyo hadi hukumu ya 1954 iliyoufuta ubaguzi wa shule za umma ni mstari mmoja, na mstari huo ulifika pia Afrika Mashariki: mwaka 1960 Marshall alikuwa katika mazungumzo ya Lancaster House mjini London akiwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya, na aliandaa rasimu ya hati ya haki za raia kwa ajili ya katiba ya nchi hiyo.

Mwaka 1937 Mahakama ya Juu, ikiwa imebadili msimamo, iliziidhinisha sheria zote mbili za kiangazi cha 1935. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya 1938, ndoto ya mwisho ya Perkins, ilirithi mpaka uleule na kuwaacha watu walewale. Januari 1940 Ida May Fuller wa Ludlow, Vermont, aliyekuwa karani wa ofisi ya mwanasheria, alipata hundi ya kwanza ya kila mwezi ya hifadhi ya jamii, dola 22.54. Alikuwa amekatwa dola 24.75 kwa jumla katika maisha yake ya kazi. Alipofariki mwaka 1975 akiwa na miaka 100 alikuwa amelipwa zaidi ya dola 22,800. Mwanamke wa umri wake aliyepika katika nyumba ya mtu Mississippi hakukatwa chochote na hakulipwa chochote.

Marekebisho yalikuja polepole, kwa vizazi. Mwaka 1950 na tena 1954 Bunge liliwaingiza watumishi wa majumbani na vibarua wengi wa mashambani katika bima ya uzee, na mwaka 1965 likaongeza bima ya matibabu kwa wazee. Kima cha chini cha mshahara kiliwafikia baadhi ya watu wa mashambani mwaka 1966 na wa majumbani 1974. Kwa waliozaliwa kabla ya hapo, miaka iliyopotea haikurudi: wazazi walikufa bila pensheni, watoto waliokuwa wakiwatunza hawakuweka akiba, na wajukuu hawakurithi kitu. Leo hifadhi ya jamii inawalipa watu zaidi ya milioni 65 kila mwezi, na hakuna chama kikubwa nchini humo kinachothubutu kusema waziwazi kwamba ifutwe.

Sheria ya vyama vya wafanyakazi ina historia nyingine. Mwaka 1965 wachuma zabibu wa Delano, California, Wafilipino na Wamexico, waligoma. Mwaka 1975 jimbo hilo likawapa kwa sheria yake haki ambayo sheria ya shirikisho iliwanyima, na New York ikafanya hivyo mwaka 2019. Majimbo mengi hayajafanya. Kifungu cha tarehe 5 Julai 1935 kinachowatenga kibarua wa shambani na mtumishi wa nyumbani hakijawahi kufutwa, na katika sehemu kubwa ya Marekani mwajiri bado anaweza kumfukuza mchuma nyanya kwa kosa la kuunda chama, bila kuvunja sheria hiyo ya shirikisho.